Nani Ana Kazi Kindu?



Swali ninaloleta mbele yenu linaulizwa mjini hapa kila wiki, na anayeliuliza mara nyingi ni baba wa msichana, siku wajumbe wa kijana wanapokuja kuzungumzia mahari. Kabla ya kutaja mbuzi na vitenge, mzee anataka kujua: "Na huyu kijana wenu, ana kazi?" Wajumbe wanatazamana. Asubuhi kijana wao anafundisha darasa la nne katika shule ambayo haijampatia matrikule, yaani namba ya mwajiriwa. Mchana anaendesha pikipiki ya mtu. Msimu wa mpunga ukifika anavuka mto kwenda Alunguli, anafyeka, anapanda, anawinga ndege mpaka mavuno. Anaamka gizani na kurudi gizani. Wajumbe ni watu wakweli, kwa hiyo wanajibu: "Bado hajapata kazi. Anajitafutia tu."

Mtaa uleule, posa nyingine. Kijana wa pili ana matrikule ya kampuni. Mshahara wake haujaonekana miezi mingi. Anakula kwa mama yake, na mama yake anauza mafuta ya mawese kwa kipimo cha chupa. Mzee anauliza swali lilelile, wajumbe wanajibu bila kusita kwamba ana kazi, na mzee anaridhika.

Simlaumu mzee. Jibu linalomridhisha lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya mhadhara huu ni historia hiyo. Lakini nitasema mapema ninachokishika, ili mnipime kwacho: mji wetu umefunga vitu viwili katika furushi moja, na hasara tunaipata pande zote. Wanaofanya kazi hawahesabiwi kuwa wanafanya. Wanaodai malipo yao hawahesabiwi kuwa wanadai.

Kiingereza kina majina mawili ambayo hata waliokulia ndani ya lugha hiyo huyachanganya kila siku: work na employment. Kifaransa cha ofisi zetu kina travail na emploi. Sisi tuna kazi na ajira, ingawa hapa Kindu neno ajira husikika zaidi redioni kuliko sokoni. Oktoba 2013, huko Geneva, wataalamu wa takwimu za kazi wa nchi nyingi waliketi katika mkutano wao wa 19, chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakayatenganisha majina hayo mawili kwa azimio. Kazi, walikubaliana, ni shughuli yoyote ya kuzalisha mali au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe, na anayeifanya anaweza kuwa wa jinsia yoyote na umri wowote. Ajira ni fungu moja tu ndani ya kazi: ile inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Mafungu mengine yapo pembeni yake: kuzalisha kwa matumizi ya nyumba yako, kujifunza ufundi bila kulipwa, kujitolea, na kazi za kulazimishwa zisizolipwa. Aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu katika wiki inayoulizwa, kwa kipimo hicho ana ajira.

Mwendesha pikipiki wetu basi, kwa Geneva, ana ajira. Kwa Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ile sheria namba 015 ya Oktoba 16, 2002, hana, maana sheria inamtafuta mtu anayefanya kazi chini ya mamlaka ya mwingine kwa malipo, na yeye pikipiki ameikodi tu. Watumishi wa kudumu wa Leta, yaani wa serikali, nao wako nje ya Kanuni hiyo. Wana sheria yao, ya Julai 2016. Na kwa mzee wa mahari, mwendesha pikipiki hana chochote. Vipimo vitatu, kijana mmoja. Mwanafunzi wa hapa anayeandika tasnifu juu ya ukosefu wa kazi katika mkoa wetu wa Maniema asipotaja kwanza ameshika kipimo kipi, kurasa zake zote zitayumba.

Kipimo cha mzee kilitoka wapi?

Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, ilikuja na watu wa aina mbili wanaobeba mzigo uleule. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alipatana kwa nguo na shanga, akajua atapata nini akifika. Mtumwa alifungwa mti shingoni na kupewa pembe ya ndovu. Ukiwatazama kwa nyuma, migongo yao ilikuwa inafanya jambo moja. Tofauti ilikuwa katika kitu kisichoonekana: mmoja alikuwa na mtu wa kumdai, mwingine hakuwa na wa kumdai. Kati ya watu hao ndipo walipojitenga waungwana, ambao Kingwana chetu kinabeba jina lao hadi leo, na moja ya alama za uungwana ilikuwa kutobebeshwa kwa nguvu. Naomba mkishike kisa hicho, kwa sababu nadhani Maniema ilijua tangu wakati ule jambo ambalo baadaye tulisahaulishwa.

Kisha likaja Dola Huru la Leopold, halafu koloni la Ubelgiji. Mwaka 1902 Baron Édouard Empain alianzisha CFL, kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu. Maporomoko yalikuwa yamekatakata mto, na reli zililazimika kupita pale meli isipoweza: kilomita 125 kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ndiyo Kisangani na Ubundu za leo, kukwepa maporomoko ya chini. Halafu reli ya Kindu hadi Kongolo, kama kilomita 355, kukwepa maporomoko ya juu na ule mlango mwembamba unaoitwa Milango ya Jehanamu. Mji tuliokaa usiku huu ulikua kwa sababu hiyo moja, kwamba hapa mzigo unashushwa katika meli na kupakiwa katika gari la moshi. Wabelgiji waliuita hata Port-Empain. Katika mji wa namna hiyo, mtu mwenye maana ni yule ambaye jina lake limo katika kitabu cha bandari au cha stesheni. Ndiyo maana wazee wetu hawakusema fulani amepata kazi. Walisema ameandikwa.

Na wale wasioandikwa? Hapo ndipo historia inakuwa chungu. Amri ya mwaka 1917 iliwapa maofisa uwezo wa kuwalazimisha watu wa vijijini kulima mazao yaliyoamriwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za koloni kulimishwa pamba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa jina la juhudi za vita, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Mwanaume wa Kibombo au Kasongo alipimiwa shamba lake la pamba kwa kamba, akakaguliwa, akitegea akafungwa au kuchapwa. Pamba aliiuza kwa bei iliyopangwa na mnunuzi mmoja aliyepewa eneo zima. Na aliyeenda kuandikwa katika kampuni, akahamia kambini na mke wake, aliondoka chini ya kamba ile. Alipata nyumba ya matofali, posho ya kila wiki, zahanati, shule ya watoto.

Fikirini jambo hilo linamfundisha nini kijana wa mwaka 1940. Jasho la shambani ni adhabu, jasho la kambini ni maendeleo. Si ajabu kwamba lile la pili peke yake likabaki na jina la kazi, na lile la kwanza likaitwa kulima tu. Neno "tu" katika sentensi hiyo lilitengenezwa kwa kiboko.

Kambi zilizotawala fikra za Maniema zilikuwa za bati. Symetain ilishika Kalima kuanzia miaka ya 1930, yalikuwapo makampuni mengine, na migodi mingine ilikuwa Punia, Kailo na Kampene. Mwaka 1976 makampuni hayo ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka jinsi mtoto wa Kalima alivyotembea alipokuja Kindu: viatu, sare, uhakika wa kesho. Kisha Oktoba 1985 soko la bati duniani lilianguka. Baraza la kimataifa lililokuwa likiishikilia bei kwa kununua akiba liliishiwa fedha, na biashara ya bati katika soko la metali la London ikasimamishwa. Watu waliokuwa wakisukuma toroli Kalima hawakuwa wamekosea lolote. Uamuzi ulikuwa mbali mno nao kiasi kwamba wengi hawakujua kamwe ni nini kilichotokea. SOMINKI ilikonda, ikaja vita, na mwaka 1997 ikarithiwa na SAKIMA. Mashimo yalibaki, bati ikabaki ardhini, wachimbaji wakarudi na sululu zao wenyewe. Leo mchimbaji mdogo anatakiwa na Kanuni ya Madini kuwa na kadi na kuwa ndani ya ushirika. Sheria inamjua kama mchimbaji. Haimjui kama mwajiriwa wa mtu, kwa sababu jiwe lake analiuza kwa mnunuzi na hakuna anayewajibika akifukiwa.

Reli nayo ilipita njia yake. Mwaka 1974 CFL na reli nyingine ziliunganishwa kuwa shirika la taifa, ambalo leo ni SNCC. Malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi wa reli yamejulikana nchi nzima. Ukipita karibu na stesheni utawaona wazee wenye nyaraka zao ndani ya mfuko wa plastiki, zimekunjwa mara nne, wakiulizana kama kuna habari kutoka Lubumbashi. Kila mmoja wao, ukimuuliza, anajibu kwamba ana kazi au alikuwa na kazi. Sijamsikia hata mmoja akisema: mimi ninadai.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo penye uzito.

Tumezoea kuiona ajira kama cheo, kitu unachokuwa nacho, kama vile mtu alivyo na jina la ukoo. Mimi naiona ajira kama deni la pande mbili. Mimi nakudai muda na ustadi, wewe unanidai malipo, na kuna siku ya kulipa. Siku hiyo ikipita, kilichobaki mkononi mwa mfanyakazi ni haki ya mdai, na haki ya mdai haifanani kabisa na heshima ya mwenye cheo. Mwenye cheo hunyamaza ili asikipoteze. Mdai huhesabu, huandika tarehe, hutafuta shahidi, huungana na wadai wenzake. Kwa kumwita mtu asiyelipwa "mwenye kazi", tunampa heshima inayomfunga mdomo. Mwajiri, awe Leta, kampuni au mfanyabiashara wa barabarani, anafaidika na heshima hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni mwalimu. Baada ya migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kulipa, wazazi ndio waliobeba walimu kwa michango tuliyoiita prime. Mpango wa dharura ukadumu karibu miaka 30. Ndani yake walizaliwa walimu wa aina mbalimbali, na shuleni majina yao yanajulikana hata kwa watoto: yule aliyeingizwa katika orodha ya malipo ya SECOPE, iliyokuwa ofisi ya malipo ya walimu, yule wa "nouvelle unité" ambaye faili lake limetumwa na linasubiri, na yule anayeitwa kwa herufi mbili, NP, asiyelipwa. Herufi hizo zinaandikwa kwenye orodha rasmi za shule, na nadhani tumezizoea hata hatushtuki tena. Leta inamtambua mtu, inajua anafundisha darasa gani, inamkagua, na papo hapo inaandika pembeni ya jina lake kwamba halipwi.

Mwaka wa masomo wa 2019 na 2020 ulipoanza, elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyoagiza. Mimi naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa prime walirudi darasani, na madarasa yakafurika. Lakini kwa mwalimu NP wa shule ya msingi, siku prime ilipokatazwa, hata kile kidogo kutoka kwa wazazi kilikatika. Wengi waliingizwa kwenye malipo katika miaka iliyofuata. Wengine walibaki. Kwa kipimo cha Geneva, mtu anayefundisha watoto 80 bila malipo yoyote ana kazi lakini hana ajira. Kwa macho ya mtaa, akiwa na bahati, anaitwa "mwalimu". Kwa kipimo changu yeye ni mdai, na ninyi wanafunzi wa sheria mnatakiwa kusema mdaiwa ni nani na ushahidi ni upi. Orodha ile yenye herufi NP ni ushahidi ulioandikwa na mdaiwa mwenyewe.

Kifungu cha 36 cha Katiba hiyohiyo ya Februari 18, 2006, kinaiita kazi haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kinaahidi malipo ya haki yanayomwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa hadhi ya binadamu. Someni vizuri: ahadi inaanza kwenye kazi, ndipo inafuata malipo. Haisemi malipo ni ya wenye matrikule.

Nimesema hasara ni pande zote. Upande wa pili ni wa mama zetu, na huu unaniuma zaidi kwa sababu hauna hata herufi mbili za kuandikwa pembeni. Maniema ni nchi ya mpunga. Mpunga ulikuja na misafara ya karne ya 19, na ukapenda mabonde yetu. Nani anaupanda, anaupalilia, anauvuna kwa kisu kidogo suke kwa suke, anautwanga? Nani analoweka mihogo, anachuma sombe, anabeba kapu kwa mshipi wa kichwani kutoka shambani hadi ukingoni, anangoja mtumbwi, anavuka Lualaba na kupanda hadi sokoni Kasuku? Muulize: "Mama, unafanya kazi gani?" Atajibu: "Sina kazi, baba. Ninalima tu." Yale maneno ya kiboko yamekaa kinywani mwake hadi leo.

Msidhani azimio la Geneva limemaliza tatizo lake. Limefungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Chini ya kipimo cha zamani cha mwaka 1982, anayelima chakula cha nyumba yake aliweza kuhesabiwa kuwa ana ajira. Chini ya kipimo kipya, anayelima hasa kwa ajili ya kula yumo ndani ya kazi lakini ametolewa ndani ya ajira. Jirani zetu wa Rwanda walianza kutumia kipimo kipya katika uchunguzi wao wa nguvu kazi mwaka 2016. Ukosefu wa ajira, uliokuwa ukitangazwa chini ya asilimia 5, ukawa zaidi ya asilimia 15. Vilima havikuwa vimebadilika, wala majembe. Waliobadilisha mahali pa kusimama walikuwa wahesabuji.

Wapo wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo wataalamu wamemfuta mkulima mwanamke. Sikubaliani nao kabisa. Kipimo cha zamani kilimwita mwajiriwa mtu asiye na senti mkononi, na serikali ikapata takwimu nzuri za kujivunia. Kipimo kipya kinasema ukweli wake wote: anafanya kazi nyingi, na haimpi fedha. Hatari iko mahali pengine, pale ofisi inapochapa namba ya ajira na kuacha namba ya kazi ndani ya droo. Namba ya kazi ndiyo inayoonyesha kwamba barabara ya kuleta mpunga sokoni ni mashine ya uzalishaji, na kwamba mtambo wa kukoboa kijijini unaokoa maelfu ya saa za wanawake. Bila namba hiyo, mipango ya mkoa itaendelea kuwaandikia vijana ajira za kufikirika huku wanaolisha mji wakitembea kwa miguu kwenye matope.

Afrika ya Mashariki imewahi kuona nini hutokea serikali inapochukua kipimo cha mzee wa mahari na kukifanya sheria. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi. Watu wa mijini walitakiwa kuthibitisha kwamba wana kazi inayotambuliwa. Walioshindwa, miongoni mwao wachuuzi na mafundi wa barabarani, walikamatwa kama wazururaji na kurudishwa vijijini. Walirejea mjini, kwa sababu mji uliwahitaji. Miaka 35 baadaye, Desemba 2018, nchi hiyohiyo ilianza kuwapa wachuuzi vitambulisho kwa shilingi 20,000. Kenya ilikuwa imepata somo lake mapema zaidi: ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliotoa ripoti yake mwaka 1972 uliwatazama mafundi wa jua kali wa Nairobi na kuandika kwamba hawa si watu wasio na kazi. Tatizo lao ni kipato kidogo na bughudha ya askari. Ripoti hiyo ndiyo iliyousambaza duniani usemi wa sekta isiyo rasmi. Kwetu, usemi ulikuwapo tayari, kile kifungu cha 15 cha mitaani, kujitegemea kwa namna yoyote. Watu huutaja kwa kucheka. Mimi siucheki, kwa sababu umefanya kazi ya kuisamehe Leta madeni yake kwa zaidi ya nusu karne.

Nirudi Kongo kidogo kwa jambo moja. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Johannes Fabian alikaa na wafanyakazi wa migodi Katanga, waumini wa Jamaa, ile jumuiya ya Kikatoliki iliyotokana na mafundisho ya padre Placide Tempels. Mwaka 1973 alichapa makala nzima juu ya neno kazi vinywani mwao. Watu walewale walioamshwa na king'ora cha kampuni kila alfajiri walikuwa na kazi nyingine, ya Jamaa, isiyo na kapita wala posho, na waliiita kwa jina lilelile bila aibu. Kwa hiyo Kiswahili cha Kongo hakijawahi kukubali moja kwa moja kwamba kazi ni kuandikwa. Kila mahali watu walipokuwa na nguvu ya kujipangia maisha, neno lilipanuka tena.

Na salongo je? Vijana hamkuuona ule wakati wa Mobutu, wazazi wenu waliuona: Jumamosi, jembe, fagio, bila malipo, na askari wa kuhakikisha. Geneva inaiweka katika lile fungu la kulazimishwa. Sina la kuongeza.

Sasa jambo la kutendea kazi kesho asubuhi. Mjini hapa kuna mamia ya vijana walio dukani, kwenye depo ya simenti, kwenye mitumbwi ya mota, mabinti wa nyumbani, walinzi wa usiku, ambao wote huambiwa: "Wewe hujaandikwa, unasaidia tu." Wanaondolewa kwa neno moja, na mwezi wa mwisho haulipwi. Wanakubali, kwa sababu na wao wanaamini kwamba asiyeandikwa hana dai. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema kinyume. Inaagiza mkataba uandikwe, kweli. Lakini maandishi yakikosekana, inampa mfanyakazi ruhusa ya kuthibitisha mkataba wake kwa njia yoyote ya kisheria: mashahidi, ujumbe wa simu, stakabadhi za bidhaa alizopokea kwa niaba ya mwenye duka, majirani waliomwona akifungua mlango kila siku saa 1 asubuhi. Kutoandika ni kosa la mwajiri, na sheria haitaki mfanyakazi abebe adhabu yake. Malipo nayo hayatakiwi kupita mwezi mmoja bila kutolewa. Pana ofisi ya mkaguzi wa kazi mkoani, na pana mahakama. Najua mtaniambia mahakama ni ghali na mkaguzi hana pikipiki. Ni kweli. Hata hivyo, binti anayejua kwamba ana dai huanza kuandika siku zake katika daftari, na daftari hilo litakuwa na thamani siku yoyote mlango utakapofunguka. Wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu chetu wangeweza kukaa Jumamosi moja kwa mwezi pale sokoni kuwaeleza watu hayo. Haigharimu zaidi ya meza.

Jambo la mwisho ni kwa wanafunzi wa takwimu na uchumi. Nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Nusu ya mliomo humu wazazi wenu walikuwa watoto. Sensa nyingine itakuja, na kabla yake zitapita tafiti ndogo nyingi, na watakaotumwa mitaani na vishikwambi ni ninyi. Katika dodoso mtakuta swali la kazi. Mkiliuliza kama linavyoulizwa siku ya mahari, mtarudi na mkoa mzima usio na kazi. Ulizeni hivi: jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulifanya nini na nini? Kisha: katika hayo, yapi yalikuletea fedha au kitu? Kisha: kuna mtu anayetakiwa kukulipa na bado hajalipa, na tangu lini? Swali hilo la tatu halimo katika madodoso mengi niliyoyaona. Liongezeni pembeni kwa kalamu ikibidi. Na mkifika nyumba ya mkulima, mumewe akatoka nje na kuanza kujibu kwa niaba yake, mwombeni radhi kwa adabu, mkangoje mama arudi kutoka shambani ajibu mwenyewe.